Vile Sajini Alitoka kwa Boma

Mtu akiniambia televisheni imeharibu hadithi ya kitabu, kwanza nacheka, halafu nakasirika. Nacheka kwa sababu najua kitabu inaweza kuharibika kabla televisheni haijaigusa. Nakasirika kwa sababu ya sajini mmoja wa vita ya zamani ya wazungu, ambaye alinisumbua kule Homa Bay kuliko mtoto anaota meno, na mpaka leo sijamwona akitoka mahali alifungwa.

Ilikuwa ile miaka ya sitini, karibu inaisha. Bwana yangu alikuwa karani kwa stoo ya pamba, hapo chini karibu na ziwa. Tulikuwa na nyumba ndogo ya udongo na mabati, na jikoni imejengwa imeegemea nyumba. Kati ya jikoni na mahali pa kukaa ni ukuta mmoja tu, na huo ukuta haukufika juu. Ukikaanga samaki, mtu wa ndani anakula harufu. Mtu wa ndani akiongea, wa jikoni anasikia mpaka vile anameza mate.

Kitabu iliachwa na mzungu mmoja wa pamba aliyekuwa anarudi kwao. Alimwachia bwana yangu koti, sufuria iliyotoboka, na hiyo kitabu. Juu yake kulikuwa na picha ya farasi na moshi na wanaume wa kofia ndefu. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, nikaitwa nyumbani kuchunga mbuzi, kwa hivyo kwangu hiyo kitabu ilikuwa farasi na moshi basi. Lakini bwana yangu alikuwa na sauti. Akishakula, alikuwa anaweka taa mezani, anafungua kitabu, anasoma Kizungu kimoyomoyo halafu anatutolea kwa Kijaluo, na mkono yake inaenda juu kama ya mhubiri.

Hadithi ilikuwa ya fundi wa kwato za farasi. Vita ikaja, wakamchukua akagonge kwato za farasi ya jeshi, na kidogo kidogo, juu ya ujasiri wake, akawa sajini. Mizinga, mito ya kuvuka, njaa, askari wanakula viatu. Nilipenda sana. Nilikuwa naosha vyombo polepole ndiyo nisimalize kabla yake.

Halafu mama yangu akaja kutoka Migori.

Mguu yake ilikuwa imefura, na hospitali ya Homa Bay ndiyo alitaka. Akashuka kwa basi na kikapu ya njugu na kuku mmoja, na shida ikaanza pale pale, kwa sababu kwetu mama mkwe, tunamwita maro, hakai chumba moja na bwana ya binti yake. Hawezi kula mbele yake. Hawashikani mkono. Wakikutana njiani kila mmoja anatafuta kitu ya kuangalia kando, hata kama ni mti tu. Kulala kwangu hangeweza. Akapata kitanda kwa mjane mmoja wa kanisa yake ya Sabato, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mchana na jioni anashinda jikoni yangu, mguu juu ya gunia.

Sasa, yeye jikoni, bwana yangu ndani, ukuta katikati. Na hadithi inaendelea.

Siku ya kwanza mama alinyamaza. Siku ya pili akaniita.

"Nyara, mwambie huyo asome polepole. Farasi imekimbia kabla sijaiona."

Nyara kwetu ni kusema binti yangu. Na mimi nikaingia ndani nikasema, "Mama anasema usome polepole."

Bwana yangu alikuwa amesikia vizuri sana. Lakini hakuweza kujibu ukuta. Akaniambia, "Mwambie sawa."

Nikarudi jikoni. "Anasema sawa."

"Nimesikia," mama akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kubeba maneno ambayo kila mtu ameshasikia. Nikichoka nikikaa chini, mama anagonga ukuta na mwiko, bwana yangu anakohoa, na wote wananingoja.

Na hiyo kukohoa niwaambie. Kutoka mama alipofika, bwana yangu alianza kikohozi. Anasoma vizuri, sajini anavuka mto, sajini anafika kijiji, halafu anasimama, anakohoa, anapindua karatasi mbili au tatu, na sajini tayari yuko mbali na hicho kijiji. Nilifikiri ni vumbi ya pamba. Nikamchemshia majani ya mwarobaini. Akakunywa yote, maskini, na uso imekunjamana.

Tukafika mahali sajini alishikwa. Maadui walikuwa na boma ya mawe juu ya mlima, ukuta nene kama nyumba, na chini kabisa shimo yenye mlango ya chuma. Wakamtupa ndani. Askari wake wamezungukwa upande ule mwingine wa mlima, hakuna wa kumsaidia. Asubuhi watamuua. Bwana yangu alisoma hiyo sehemu vizuri mpaka nikasikia baridi. Jikoni hata moto ilikuwa imezima na mama hakuniambia niweke kuni.

Jioni iliyofuata akaanza. Akasoma sajini anasikia nyayo. Akasoma mlango unalia. Akakohoa. Akapindua karatasi, akapindua tena, akasema, "Basi, sajini akatoka, akapanda farasi, akaenda."

Halafu mwiko kwa ukuta.

"Alitoka aje?" mama akauliza, na hakuniita kwanza.

Bwana yangu akaniangalia. Mimi nikamwangalia. Nikasema, "Anauliza alitoka aje."

"Alitoka," akasema.

"Anasema alitoka."

"Nimesikia kwamba alitoka. Mlango ni ya chuma. Nauliza alitoka aje."

"Mwambie kitabu haisemi."

"Kitabu gani inafunga mtu kwa shimo na haisemi vile alitoka?" mama akasema. "Hata mtoto akidanganya anaweka dirisha."

Bwana yangu akafunga kitabu akasema macho inamuuma.

Mngejua vile hiyo swali ilikaa kwangu. Asubuhi nikipeleka chai jikoni, alitoka aje. Nikimsindikiza hospitali, daktari anafunga mguu, mama ananiambia, labda alichimba. Nikienda sokoni kununua omena, narudi nakuta ameshafikiria tena: hapana, mawe haichimbiki, labda walimsahau. Nikamuuliza bwana yangu pole pole, nikamuuliza kwa hasira, nikamnyima kitoweo. Alikuwa anasema tu, "Mama, ni hadithi, alitoka." Mimi nilikuwa na miaka karibu thelathini na ananiita mama akitaka ninyamaze.

Na si kwamba mama alikuwa mtu wa kusumbua bure. Mimi nilijua anauliza nini.

Baba yangu alichukuliwa vita ya Burma nikiwa mdogo, namkumbuka mgongo tu, akienda. Wengine walirudi. Mmoja wa kijiji yetu alirudi na akasema walizungukwa huko kwa mlima, yeye alitoka, baba hakumwona tena. Si kwamba amekufa. Hakumwona. Basi mama akakaa na hiyo neno. Ndugu za baba wakangoja, wakangoja, halafu wakaanza kusema sasa wazike yago. Yago ni lile tunda refu la mti, zito, linaning'inia kama mguu ya mtu. Kwetu mtu akipotelea mbali na mwili haipatikani, wanachukua yago, wanaifunga vizuri, wanachimba kaburi, wanalia, wanaizika kama yeye. Ikishazikwa basi, amekufa. Mama anakuwa mjane, na mambo ya mjane inafuata, na shamba inapangwa upya.

Mama alikataa. Kila mavuno ya wimbi walikuja, kila mara akawapikia, akawaambia mtu hazikwi kwa sababu mtu hakumwona. Lakini safari hii, kabla apande basi kuja Homa Bay, walikuwa wamemwambia wamechoka. Akirudi na mguu imepona, wanachimba. Alikuwa ameniambia hiyo mara moja tu, akichambua njugu, na hakurudia. Baadaye akawa anauliza habari ya sajini tu.

Ndiyo sababu "alitoka" haikumtosha.

Basi siku moja bwana yangu akarudi kutoka kazini na uso ya mtu ameibiwa. Kule holi ya kaunsil walikuwa wameweka televisheni, jenereta nje, na chuma ya kushika picha juu ya mti wa bluu gamu uliosimamishwa. Watu walikuwa wanaenda kuangalia habari na mpira. Sasa kumetangazwa hadithi mpya, kila Jumatano jioni, ya vita ya zamani, imetolewa kwa kitabu.

"Kitabu gani?" nikauliza.

Akaonyesha meza na kidevu.

Nilifurahi mpaka nikaangusha sahani. Nikakimbia jikoni nikasema, "Mama, utamwona sajini na macho yako. Utaona vile alitoka."

Mama akashusha mguu kwa gunia. "Jumatano si Sabato," akasema. "Nitaenda."

Ndani bwana yangu akaanza kukohoa hata kabla kitabu ifunguliwe. Akaniambia holi iko na vumbi. Akaniambia mguu ya maro haiwezi mlima. Akaniambia hizo picha zinaharibu vitabu, si ukweli. Nikamwambia, "Wewe ulikuwa na nafasi yako ya kutuambia ukweli ukasema alitoka. Sasa nyamaza."

Tukaenda. Mzee wa kuchunga holi, ambaye alikuwa na fimbo ya kupanga watu, alijua adabu yetu. Akamweka bwana yangu mbele kabisa upande wa wanaume, na mama nyuma kabisa upande wa wanawake, karibu na mlango, mimi kando yake. Mlango ilikuwa mmoja tu, kumbukeni hiyo. Yule mzee pia alijua Kizungu kidogo, na alikuwa anasimama kando ya televisheni anatuambia wanasema nini.

Picha ilikuwa inanyesha. Kila mtu alikuwa kwa mvua, hata akiwa ndani ya nyumba. Wakati mwingine sajini alikuwa na kichwa mbili, na mtu anatumwa nje kuzungusha chuma, watu wanapiga kelele, hapo, hapana, rudisha, ulikuwa umefika. Lakini tulimwona. Alikuwa mwembamba kuliko wetu. Mama akasema huyo hajawahi kugonga chuma, mkono yake ni ya karani. Nikamwambia angalia tu.

Halafu akatokea mwanamke.

Alikuwa kwa mto, anafua mashati ya maofisa. Sajini akapita na farasi, akasimama kunywesha farasi maji. Wakaangaliana. Ikakaa hapo muda mrefu, wanaangaliana tu, na mvua ya televisheni inanyesha juu yao.

"Huyo ni nani?" mama akaniuliza.

"Sijui."

"Huyo hakuwa kwa hadithi."

"Hakuwa."

"Anafua vibaya pia. Anashika shati kama paka iliyokufa."

Mwanamke mmoja mbele yetu akageuka akasema tunyamaze. Mama akamwambia, "Wewe angalia, mimi naijua hii hadithi. Huyo wamemwongeza."

Jumatano nyingine huyo mwanamke akarudi. Na nyingine. Kila mahali bwana yangu alikuwa amekohoa, sijui nilikuwa mjinga wa aina gani, lakini kila mahali alikuwa amekohoa, huyo mwanamke alikuwa hapo na kikapu yake ya nguo. Kwa kijiji, kwa kambi, kwa daraja. Mimi nilikasirika na televisheni. Nilisema hadharani, watu wananisikia, kwamba wazungu wamechukua hadithi nzuri ya wanaume na farasi wakaiwekea mfuaji nguo. Nikarudi nyumbani nikamwambia bwana yangu, "Ulisema kweli, wameharibu." Akasema, "Mm." Mtu yule. Akasema mm na akala.

Ikafika Jumatano ya boma. Mama alivaa kitambaa yake ya kanisa. Mguu ilikuwa imekaribia kupona, daktari alikuwa amesema wiki hiyo arudi nyumbani, na ndugu za baba walikuwa wanangoja na jembe. Alipokaa akashika mkono yangu, na mama hakuwa mtu wa kushika mkono.

Boma ilikuwa vile vile bwana yangu alisoma. Ukuta, shimo, mlango ya chuma. Sajini amekaa chini na kichwa kwa magoti. Mzee wa holi akasema, "Asubuhi atauawa." Watu wakasema tsk. Halafu nyayo. Mlango ukalia. Mama akasimama kidogo kwa kiti ndiyo aone.

Akaingia yule mwanamke na kikapu ya mashati.

Akaweka kikapu chini. Akapiga magoti. Sajini akainua kichwa, akamshika uso na mikono yote mbili, na wakabusiana. Kwa mdomo. Mbele ya holi nzima, na hawakuwa na haraka.

Sasa nyinyi wa siku hizi mtasema, kwani nini. Fikirieni mama yangu yuko hapo, na bwana ya binti yake yuko chumba hiyo hiyo, na wote wawili macho iko kwa hiyo kitu. Hakuna aibu ingeshinda hiyo. Mama alivuta kitambaa akafunika kichwa mpaka kidevu na akaenda kwa mlango haoni mbele. Na kule mbele bwana yangu pia alikuwa ameruka kutoka kiti yake, ameinamisha kichwa, anakimbia kwa mlango huo huo, mmoja.

Mzee wa holi ndiye aliona. Akapiga sakafu na fimbo akaita, "Karani, maro yuko mbele yako."

Bwana yangu akasimama kama ametiwa breki. Mbele ni maro, nyuma ni sajini bado anabusiwa. Akaangalia huku, akaangalia huku, halafu akapanda benchi akatoka kwa dirisha, yeye na koti ya mzungu, na kitu ikararuka. Watu wakacheka mpaka mtu akaanguka juu ya waya ya jenereta, picha ikazima.

Mimi nilikuwa nimebaki katikati, mguu moja kwa mlango. Ilipowaka tena kulikuwa na mtu anasoma habari.

Nilitembea kurudi nyumbani nikilia kwa hasira. Mama mbele na kitambaa, bwana yangu sijui alipita njia gani. Nilimkuta amekaa gizani, hajawasha taa.

Nikamuuliza, "Yule mwanamke yuko kwa kitabu?"

"Yuko."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kwa ule mto, ile wiki maro alifika."

"Na kikohozi?"

"Wewe ungesomaje?" akasema, na sasa yeye ndiye amekasirika. "Maro yuko kwa ukuta. Anasikia nikimeza. Niseme alimshika uso? Niseme nywele yake inanukia sabuni? Karatasi nzima ni nywele. Ningeangaliaje mama yako njiani?"

"Humwangaliagi."

"Hata kutomwangalia, ningefanyaje?"

Na mimi nimemchemshia mwarobaini. Nilitaka kumpiga na hiyo kitabu. Nikamwambia aniambie yote, mlango wa chuma mpaka farasi. Akaniambia. Mwanamke alikuwa anafulia maofisa wa boma nguo zao. Ufunguo ilikuwa inakaa kwa mfuko ya ofisa mmoja. Alichukua koti kwenda kufua, na ufunguo ikaenda na koti. Alimfungulia, akamvalisha nguo ya adui iliyokuwa kwa kikapu, wakatoka wote kwa mlango kubwa, yeye amebeba mashati, sajini amebeba sabuni.

Asubuhi mama alikuja jikoni amefungasha mizigo yake. Basi ya Migori ilikuwa inaondoka saa nne. Nikamwekea chai. Sikuweza kusema habari ya kubusiana, nikamwambia hii ya koti na ufunguo. Nikamwambia huyo mwanamke hakuongezwa, alikuwa ndani ya kitabu kutoka zamani, ni sisi hatukusomewa.

Mama akapuliza chai. Nyuma ya ukuta nilisikia bwana yangu akisogeza kiti karibu.

"Kwa hivyo ni mwanamke alimfungulia," mama akasema.

"Ndiyo."

"Wa huko huko."

"Wa huko huko."

"Na baadaye alirudi kwao, sajini?"

Hiyo sikuwa nimeuliza. Nikaangalia ukuta. Ikatoka sauti ya bwana yangu, ndogo, hakupitia kwangu: "Hakurudi, mama. Alibaki na yeye. Walilima."

Mama aliweka kikombe chini. Nilifikiri atalia. Nilikuwa nimemwona akikaza uso miaka yote hiyo, kila wanaume wakija na habari ya yago, na nilifikiri sasa ndiyo itakatika. Lakini aliinua kichwa, na uso yake ilikuwa ya mama anayekuta mtoto amemaliza sukari.

"Kwa hivyo huyo mwanaume yuko Burma analima," akasema. "Mimi nakosana na ndugu zake hapa, mguu inafura, na nina nyieka huko anafua mashati."

Nyieka ni mke mwenza.

"Mama, sikusema baba—"

"Nyamaza. Na huyo ni mnene, najua. Baba yako alipendanga wanene." Akafunga kikapu yake, anavuta kamba kwa hasira, na bega yake inatikisika, na sikujua kama anacheka. "Nitawaambia. Mtu hazikwi kwa sababu ameoa."

Na aliwaambia. Walikuja na jembe, akawapikia, akawaambia maneno hayo hayo, na mkubwa wao akashika kichwa. Wakarudi tena mwaka uliofuata na uliofuata. Kila mara wanakuta nyieka ameongezewa kitu: sasa ana watoto, sasa ana ng'ombe. Wakachoka kabla yake.

Bwana yangu aliuza kitabu kwa mwalimu mmoja. Hiyo hadithi haikurudi tena kwa televisheni ya holi, na mimi nilikuwa naangalia kila Jumatano mpaka mzee wa fimbo akaniambia niende nikapike.

Mama tulimzika Migori, upande wa kushoto wa nyumba yake, vile inatakiwa. Upande wa kulia ni wa bwana. Hapo tunapanda njugu, na hakuna mtu amewahi kuchimba ndani zaidi ya njugu.